Opereta Asiyepokea Simu

Darasa lenyewe lilipewa jina la "Sauti Yangu", na mwanamke aliyelisoma kwenye karatasi ya mlangoni alisonya kabla hajagusa kitasa. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliimaliza mbele ya mtambo wa simu wa hospitali kubwa ya kwao, akiunganisha madaktari na wodi, wodi na maabara, na waliofiwa na chumba cha maiti, na hakuwahi kutokea mtu wa kumwambia kwamba sauti yake imepotea inatafutwa. Kule walimwita Opereta. Jina lilimfuata hata huku ugenini, ambako kazi yake sasa ilikuwa kukunja mashuka ya mahoteli katika kiwanda cha kufulia, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya mwaka mzima bila kufungua mdomo.

Aliyemtuma darasani ni mdogo wake wa kiume, dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, ambaye aliishi naye nyumba moja pamoja na mkewe na watoto. Huyu ndiye aliyekuwa akimpigia dada yake simu zote: za daktari, za kazini, za watu wa umeme. Alizipiga kwa mbwembwe, mkono mmoja mfukoni, akitembea huku na huku sebuleni. Opereta alimdharau katika kila simu, kwa sababu mdogo wake alitumia "eee" nyingi kuliko maneno na alicheka mahali pasipo kichekesho. Alimdharau, na bado alimtegemea, na hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana.

Ila kulikuwa na simu moja ambayo mdogo mtu hakuweza kumpokelea. Opereta alikuwa na binti mmoja tu, aliyebaki kwa bibi yake miaka minne iliyopita, na maombi ya kumleta yalikuwa yamefika mezani kwa ofisi ya uhamiaji. Ofisi ilitaka kumsikia mama mwenyewe, kwa sauti yake, kwa simu. Kwenye fomu palikuwa na kisanduku cha kuomba mkalimani. Opereta alikitazama kisanduku hicho, akakumbuka miaka yake kumi na tisa, akapiga tiki kwenye kile cha pili: sihitaji. Wahenga walisema kiburi si maungwana, lakini wahenga hawakujaza fomu.

Simu ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa, ikamkuta peke yake jikoni, chombo chenyewe kikiwa mkononi. Iliita mara tisa. Alizihesabu. Lugha ya hapa alikuwa anaifahamu vya kutosha. Aliisoma magazetini, aliielewa kwenye televisheni, na kichwani aliipanga vizuri sana. Ilikuwa inagoma mahali pamoja tu, kati ya kichwa na meno. Iliponyamaza, alimwambia mdogo wake kwamba betri ilikuwa imeisha, naye akawaandikia uhamiaji hivyohivyo, na binti yake alipouliza Jumapili kama wamepiga, alimjibu, "Bado, mwanangu." Baada ya wiki mbili ikaja barua. Watapiga mara ya pili, na ya mwisho, Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja, kati ya saa tatu na saa sita. Isipopokelewa faili linafungwa. Binti alikuwa anatimiza miaka kumi na minane mwezi wa tatu, na baada ya hapo sheria ingemhesabu mtu mzima, na mtu mzima hafuati mama yake.

Mdogo wake ndiye aliyeokota tangazo la kituo cha jamii kwa kinyozi.

"Dada, hapa wanafundisha akina mama kuongea na simu. Kila Alhamisi asubuhi. Nenda ukazoee."

"Mimi? Mimi ndiye wa kufundishwa simu?"

"Kwani kuna hasara gani? Chai yenyewe ya bure."

"Chai," alisema Opereta, kwa sauti ambayo kwao ingemfanya tabibu mwanafunzi aombe radhi bila kujua kosa lake. Alhamisi iliyofuata aliomba kubadilishiwa zamu kiwandani, akaenda.

Kituo kilikuwa duka la samani zamani, na bado kilinuka gundi ya mbao. Viti vya plastiki vilipangwa duara. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke amesimama juu ya mlima amenyoosha mikono, na Opereta alijiuliza huyo aliyepanda mlima asubuhi yote hiyo nyumbani sufuria kamwachia nani. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye moyo mweupe na maneno ya kuazima, aliyewaambia wanawake waliozaa, waliozika na waliovuka mipaka kwa miguu kwamba leo watajifunza kuchukua nafasi yao. Baada ya hapo aligawa nyota za karatasi. Aliyejitambulisha kwa sauti ya kusikika alibandikwa nyota kifuani.

Chombo cha kufundishia kilikuwa simu mbili za mezani, za zamani, zilizounganishwa kwa waya mrefu uliopita chini ya mlango. Moja ilikaa jikoni, ya pili stoo kati ya mafagio. Mwanamke mmoja aliingia jikoni na kadi iliyoandikwa "Ningependa miadi na daktari", mwingine aliingia stoo na kadi ya daktari, wakasomeana. Wakimaliza, mwalimu alipiga makofi na wote wakapiga. Simu ikiharibika katikati, mwalimu alipiga makofi vilevile, maana kwake kujaribu ndiko kushinda. Opereta aliyeona madaktari wakilia kwa sababu ya simu iliyochelewa dakika mbili alikaa amekunja mikono, akapandisha na kushusha macho kwa kila aliyepita.

Hakumsaza mtu. Kuna aliyeshika simu kwa vidole viwili, kana kwamba ameombwa amshikie mtu panya. Kuna mwanamke mmoja mzee aliyeinama mbele ya simu kila alipoitikia. Lakini aliyemkera kuliko wote ni Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye mapacha wa miaka saba, mpishi msaidizi katika nyumba ya wazee, aliyekuwa akizungumza lugha moja na Opereta na kwa sababu hiyo alijipa undugu siku ya kwanza. Mama Pacha alipiga simu kwa ukelele. Alipokuwa stoo, jikoni hawakuhitaji simu kumsikia.

"Mwenzangu, mbona hujaribu?" alimuuliza Opereta wakiwa kwenye chai. "Umekaa tu kama mkwe ukweni."

"Nasikiliza."

"Unatusikiliza au unatusimanga?"

"Mnasimangika wenyewe," alijibu Opereta, na Mama Pacha alicheka mpaka chai ikammwagikia nyota yake.

Ilipofika zamu yake, Opereta alimwambia mwalimu kwamba koo linamuuma. Wiki ya pili koo likauma tena. Mwalimu, aliyefundishwa kutomlazimisha mtu, alimpa nyota kwa kuwapo. Opereta aliibandika chini ya kiti.

Wiki ya tatu Mama Pacha alikuja na barua ya shule. Walikuwa wameamua kuwatenganisha mapacha, mmoja darasa hili na mwenzake lile, na mzazi mwenye pingamizi alitakiwa kupiga simu kabla ya saa tano siku hiyohiyo. Mwalimu alifurahi, kwa kuwa sasa kuna simu ya kweli. Alimpa Mama Pacha simu ya ofisi, akamwambia avute pumzi na afikirie mahali anapopapenda. Mama Pacha alivuta pumzi, akaanza kumpigia kelele karani wa shule. Alisema habari ya mapacha, ya kuzaliwa kwao, ya yule mdogo aliyekuwa na pumu, akarudi kwenye kuzaliwa. Upande wa pili mtu alisema "Samahani, mama, sijaelewa" mara tatu, na Opereta, aliyekuwa amekaa karibu, akasikia sauti ya karani ikianza kupoa. Aliijua sauti ile. Aliwahi kuwa nayo. Ni sauti ya mtu aliyekwisha kuweka kidole karibu na kitufe cha kukata.

Hakustahimili. Alivuta kiti akakaa begani kwa Mama Pacha, akagonga meza mara moja kwa kidole. Mama Pacha alimtazama. Opereta alimnong'oneza, "Punguza sauti." Akagonga mara mbili: "Uliza swali." Mama Pacha alipotaka kurudia tena habari ya pumu, Opereta alilaza kiganja mezani, na hiyo haikuhitaji tafsiri. Mama Pacha alinyamaza. Karani, alipopata kimya, aliuliza majina ya watoto. Dakika mbili baadaye mapacha walikuwa wamerudishwa darasa moja.

Ndivyo alivyofundishwa yeye mwenyewe, kwao. Opereta mpya alikalishwa kwenye mtambo na mkongwe akakaa begani, amevaa vipokea sauti vya pili, akisikia kila kitu na kutosema lolote. Kugonga mara moja ni taratibu. Mara mbili ni uliza. Kiganja ni funga mdomo. Hakuna aliyempigia mwenzake makofi. Ukikosea mgonjwa aliweza kufa, na usipokosea ulipewa simu inayofuata.

Alhamisi ya nne wanawake walikuja na barua zao. Mwenye nyumba aliyekataa kutengeneza bomba. Daktari wa meno. Msimamizi wa kazi aliyemkata mtu mshahara wa siku aliyougua. Yule wa vidole viwili alikuwa hajazungumza na dada yake kwa mwaka mzima kwa sababu shemeji ndiye aliyepokea. Opereta aliwakalia begani mmoja mmoja, uso umekunjamana, akagonga meza. Hakuwapongeza. Aliyemaliza vizuri aliambiwa, "Umesema maneno ishirini ambayo hakuna aliyeyaomba," na wakatoka hapo wanacheka wamejaa fahari. Walianza kufika mapema. Walianza kupigiana simu wenyewe kwa wenyewe jioni, kwa lugha ya hapa, mbovu na isiyo na aibu, kuulizana tu umekula nini. Yule mzee aliacha kuinama. Mwalimu aliandika kwenye ripoti yake kwamba mbinu ya nyota inazaa matunda, akaja mtu na kamera, wakapigwa picha mbele ya mwanamke wa mlimani.

Na siku zote hizo Opereta hakupiga simu hata moja. Waliamini kwamba ni kwa sababu hana haja. Alipokuwa amekaa begani kwa mtu, simu yake mwenyewe ililia ndani ya mkoba, akaifungua zipu, akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikaa juu ya lake akiwakagua wengine.

Alhamisi yenyewe ikafika. Alikuwa ameomba ruhusa kazini na amepanga kukaa nyumbani, chumbani, mlango umefungwa, asisikiwe na mtu. Saa mbili na nusu alivaa koti. Alimwambia wifi yake kwamba nyumbani mtandao unasumbua. Ukweli ni kwamba alikuwa amekaa kitandani na simu ile nusu saa nzima, na alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba akibaki peke yake ataihesabu tena mpaka tisa.

Aliweka simu katikati ya meza ya kituo. Alimweleza mwalimu kwa maneno machache kwamba anasubiri simu ya uhamiaji kuhusu mwanawe. Mwalimu aliweka mkono kifuani, akasema wote wako pamoja naye. Mama Pacha alivuta kiti. Wengine nao wakavuta. Opereta aliwatazama wote saba, na nyota zao, na akawachukia kwa jinsi walivyokuwa na uhakika naye.

Saa nne na dakika arobaini iliita. Namba ilikuwa imefichwa. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kidole kikafanya kazi yake, na mdomo ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa tamu, laini, ya kupendeza, ambayo hakuna mtu wa nchi hii aliyewahi kuisikia.

"Hospitali kuu, nikuunganishe na nani?"

Aliyasema kwa lugha ya kwao, bila kujikwaa. Upande wa pili sauti ya kike ikasema, kwa lugha ya hapa, "Hospitali? Samahani, nimekosea namba." Simu ikakatika.

Mwalimu akapiga makofi. Wote wakapiga, isipokuwa Mama Pacha ambaye alielewa lugha.

"Acheni," alisema Opereta. Hawakuacha mara moja. "Acheni kupiga makofi. Nimemfukuza."

Mama Pacha ndiye aliyewaeleza. Mwalimu alianza kusema kwamba makosa ni sehemu ya safari, na Mama Pacha, bila kumtazama, alilaza kiganja mezani. Binti wa watu akanyamaza.

"Atapiga tena?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapigi. Ya pili ndiyo ya mwisho. Ataandika haikupokelewa."

"Basi piga wewe."

"Namba imefichwa."

"Kuna namba ya wote. Nawapigia kila mwezi mimi, naijua kama namba ya nyumba." Alikuwa ameshaichukua simu na ameshaanza kubonyeza. "Ikikwambia chagua, chagua nne. Halafu mbili. Usiiulize kitu, ni mashine."

"Mama Pacha, siwezi."

Alilisema kwa sauti ndogo. Mama Pacha alimtazama, akiwa na simu mkononi tayari inaita, na hakuonyesha kushangaa.

"Nani kakuuliza kama unaweza?" alisema, akamwekea mbele yake. Katika kuhangaika alikuwa amebonyeza spika, na hakuna aliyejua kuizima, kwa hiyo chumba kizima kikaisikia mashine ikiwashukuru kwa uvumilivu wao.

Nne. Mbili. Muziki. Kisha mtu.

"Uhamiaji, nikusaidie nini."

Opereta alikuwa amefunga macho. Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, iliyochoka upande mmoja, na nyuma yake alisikia sauti nyingine tatu au nne zikisema maneno yaleyale. Aliijua sehemu hiyo. Kulikuwa na kiti kinachozunguka hapo na kikombe kilichopoa. Huyo hakuwa ofisa, huyo alikuwa opereta, naye aliwajua maopereta kuliko alivyojua dini yake. Ukimwambia opereta "ningependa kuzungumza na", utapewa anwani ya barua. Ukimweleza shida zako, utarudishwa kwenye muziki. Lakini simu iliyokatika ni habari nyingine. Simu iliyokatika ni aibu ya mtambo, na hakuna opereta duniani, mwema au mbaya, anayeiacha hivyo.

"Tumekatika," alisema. Lugha ya hapa ilitoka kavu, kila neno likisimama peke yake. "Dawati la familia. Ofisa wa kike. Alinipigia dakika nne zilizopita. Nirudishe."

Alitaja namba ya faili, tarakimu kwa tarakimu, mbili mbili kama zinavyotajwa kwenye mitambo.

"Subiri kwenye laini," alisema mwenzake, na sauti yake ikawa imekaa sawa.

Mama Pacha aligonga meza mara moja, akagonga mara mbili, akaweka kiganja, akagonga tena; alikuwa amechanganyikiwa kabisa na hakuna aliyemzuia. Kisha ikaja ile sauti ya kwanza.

"Mimi nilikupigia. Nilipata hospitali."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Angeweza kusema labda ulibonyeza vibaya. Mdogo wake angesema hivyo, na kicheko juu.

"Hukukosea namba," alisema Opereta. "Ni mimi. Nilipokea simu hospitalini miaka kumi na tisa. Mdomo ulikwenda huko."

Upande wa pili vidole vilikuwa vinaandika. Maswali yakaanza. Jina la binti, siku aliyozaliwa, anaishi na nani, bibi ana umri gani na anaumwa nini, nani anamsomesha, huku atalala chumba gani. Opereta alijibu. Alikosea, akarudia. Swali moja hakulielewa, akaliuliza upya mara mbili, na dunia haikuanguka. Ilichukua dakika ishirini na tano, na katika chumba kile cha wanawake saba na mwalimu hakuna aliyekohoa.

"La mwisho," alisema ofisa. "Mwezi wa tisa simu yetu iliita mara tisa, haikupokelewa. Ulituandikia kwamba betri ilikuwa imeisha."

"Ndiyo. Mdogo wangu aliandika."

"Simu isiyo na betri haiiti."

Hilo Opereta hakuhitaji kuambiwa. Katika uongo wote ambao angeweza kuuchagua, alikuwa amechagua ule ambao opereta yeyote wa siku ya kwanza angeucheka. Aliwatazama wale walioketi kumzunguka: aliyeshika simu kama panya, aliyeinama, aliyepiga kelele. Wote walimtazama yeye. Spika ilikuwa wazi.

"Nilikuwa nimeishika mkononi," alisema. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kuchekwa."

Vidole viliandika. Vilichukua muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyostahili.

"Nimeandika," alisema ofisa. "Faili linabaki wazi. Uamuzi utakuja kwa barua kabla ya mwezi wa pili. Siwezi kukuahidi kitu."

"Naelewa. Asante."

Ilipokatika, yule wa vidole viwili alianza kulia, kwa sababu zake. Mwalimu alisimama na mikono yake, hajui aiweke wapi. Opereta alijiandaa kwa kile ambacho yeye angekifanya kama angekuwa wao, akamgeukia Mama Pacha kwanza ili yaishe.

"Haya. Cheka."

"Nicheke nini? Tulijua toka wiki ya kwanza," alisema Mama Pacha. "Simu inakulilia mkobani, unaigeuza. Koo gani linauma kila Alhamisi?" Alimsogezea simu kwa kidole. "Mpigie mtoto. Huyo ndiye hajui."

Alikuwa na haki ya kukataa. Kwa binti yake hakuwahi kuogopa simu. Jumapili zote sauti yake ilikuwa kubwa, ya mama mwenye mambo yake sawasawa. Sasa alitafuta jina, akalibonyeza, na hakutoka nje wala kuwaomba watoke.

"Mama? Mbona leo? Kuna nini?"

"Wamepiga. Nimezungumza nao."

"Wamepiga? Kwa hiyo wamepiga sasa?"

"Walipiga pia mwezi wa tisa," alisema Opereta. "Iliita, nikaiacha. Niliogopa kuzungumza. Nikakwambia bado."

Binti alinyamaza. Opereta alikuwa ameishi kwa kusoma vimya vya watu. Alijua cha mtu anayetafuta kalamu na cha mtu aliyepewa habari ya msiba. Hiki hakukijua.

"Mimi nimegombana na bibi," alisema binti hatimaye, polepole. "Alisema mama yako amekusahau. Nikamwambia mama yangu hawezi, mama yangu simu ndiyo kazi yake. Wiki kumi nimelala na simu chini ya mto nikisubiri uniambie. Kumbe uliwaogopa watu usiowajua, ukaona bora unidanganye mimi."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Ndiyo. Ndivyo nilivyofanya."

Kama aliyefanya hivyo angekuwa mtu mwingine, Opereta angemwona hana maana, na angemwambia hivyo. Alikuwa na maneno ya kumwambia mtu wa namna hiyo, mengi na yaliyonolewa. Aliyaacha, akaishika simu kwa mikono miwili, spika bado imewaka, wanawake saba wakisikiliza aibu yake kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa na hawakuhitaji kuielewa.

"Usikate," alisema binti, na sauti ilikuwa na hasira iliyokomaa kuliko umri wake.

"Sikati."

"Niambie walichouliza. Chote, toka mwanzo. Na usirukeruke, maana nitajua."

Opereta alianza toka mwanzo.